Pikapu ya Verlyn Haiharibiki Tena

Orlin Tveit
Nyumba ya kijani, maili nne kaskazini mwa ghala la nafaka
Lundby, Dakota Kaskazini
9 Oktoba 2013

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Hewa,
Makao Makuu ya Jimbo.

YAH: KUONDOLEWA KWA MFUMO WA KURUDISHA MOSHI KATIKA PIKAPU YA BWANA VERLYN SAUTER, NA MADHARA YALIYOTUPATA

Mheshimiwa Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu, ambacho nimekiandika mara nne mpaka kikaenea kwenye karatasi. Mimi ni mkulima mstaafu wa ngano na alizeti, umri wangu miaka sabini na saba, na sijawahi kumshtaki mtu. Mwaka 1988 ng'ombe wa jirani walikula nusu ya shayiri yangu nikanyamaza, na nilihakikisha jirani anajua kwamba nimenyamaza.

Kuhusu hewa yenyewe sina la kusema. Hewa ya huku inatoka Montana ikiwa na haraka zake na haikai muda wa kutosha tuichafue. Ila nimesoma kwamba kuondoa mfumo huo kwenye gari la dizeli ni kosa kisheria, na mfumo huo umeondolewa, na aliyeumia ni mimi. Naomba unisikilize hadi mwisho.

Verlyn Sauter ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Ana pikapu ya dizeli ya mwaka 2004. Kampuni iliyoiunda siitaji, kwa sababu Milo Haas anaendesha ya kampuni nyingine na akipata habari za barua hii atafurahi wiki nzima. Injini ya Verlyn ilitoka kiwandani na mfumo unaochukua sehemu ya moshi wa ekzosi, unaupoza kwa maji ya rejeta, halafu unaurudisha kwenye injini uchomwe tena. Nakubaliana nao kabisa. Kilichotoka na kirudi. Shida ni kwamba moshi hurudi na masizi yake. Vali ikajaa masizi ikakwama, kipoza-moshi kikapasuka, maji ya rejeta yakawa yanapotelea kwenye injini, na pikapu ikawa inatoa moshi mweupe wenye harufu ya sukari na kuzimika popote inapojisikia. Ilizimika kila baada ya wiki tatu hivi, kwa miaka sita. Ilikuwa miaka mizuri sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba mfumo uliondolewa bila meza kushirikishwa.

Meza ninayoisema iko nyuma ya duka la chama chetu cha ushirika, karibu na rafu ya mafuta ya injini. Wastaafu hukaa hapo kila asubuhi kuanzia saa tatu, wakinywa kahawa nyepesi na maandazi ya mdalasini. Kwa miaka sita ajenda yetu ilikuwa moja tu, ugonjwa wa pikapu ya Verlyn. Milo alisema ni nozeli. Gaylen Roth alisema ni dizeli inayoganda kwa baridi, na alisema hivyo hata mwezi wa saba, ambao huku ni wa joto kali. Mimi nilisema ni kifuniko cha rejeta. Nilinunua vifuniko vitatu kuthibitisha, na bado sijakubali kwamba nilikosea. Hakuna aliyewahi kubadili msimamo. Tulikuwa na michoro kwenye karatasi za kufutia mikono.

Jumamosi ya tarehe 16 Machi, mjukuu wa Verlyn aitwaye Janessa, binti wa miaka ishirini na sita aliyesomea ufundi wa magari ya dizeli, aliiingiza pikapu gereji baada ya chakula cha mchana. Akang'oa kipoza-moshi, akang'oa vali na bomba lake, akaziba matundu kwa vibati, akaipanga upya kompyuta ya gari, akanawa mikono. Hakutuuliza. Jumatatu asubuhi alikuja mezani na ile vali, nyeusi tititi, akaiweka katikati ya vikombe na kumwambia Verlyn: "Babu, hiki ndicho mlichokuwa mnakitafuta miaka sita. Sasa mnaweza kunywa kahawa kwa amani."

Hatujanywa kahawa kwa amani tangu siku hiyo.

Vali hiyo nimeifunga kwenye gazeti na kuiambatisha hapa kama kielelezo. Usiishike ukiwa umevaa shati jeupe.

2. Kwamba meza inakufa. Wiki ya kwanza tulizungumzia goti la Milo. Wiki ya pili tulizungumzia goti lake la pili. Baada ya hapo Gaylen akaacha kuja. Amebaki nyumbani kupanga upya kabati la viungo la mkewe kwa herufi, kazi ambayo hakuna aliyemwomba, na mwezi wa sita mkewe alikuja mwenyewe ushirika kuuliza kama hatuwezi kumchukua tena, hata kwa nusu siku. Tulimweleza kwamba hatuna ajenda. Akauliza kama tumeiona mashine yake ya kukatia majani, ina mlio wa ajabu. Tulikwenda kuiangalia. Ilikuwa haina petroli. Milo alijaribu kuiendeleza mada hiyo mpaka Ijumaa lakini haikufika popote.

3. Kwamba Verlyn mwenyewe ameharibika tabia. Zamani alikuwa mtu wa hapa. Hakwenda mbali, kwa sababu hakujua kama atarudi. Leo mtu wa umri wangu kabisa anafunga trela nyuma ya pikapu na kwenda kuangalia milima. Amenitumia postikadi tano. Ya kwanza ina picha ya mbuzi wa mlimani na nyuma yake ameandika maneno matatu: "Imewaka bila shida." Ya pili ni ziwa, maneno ni yaleyale. Nimezipanga kwenye mlango wa friji. Sioni anachonieleza hapo ambacho hakijanihuzunisha tayari.

Akiwa nyumbani ni vibaya zaidi. Anapita barabarani mbele ya nyumba yangu kwa kasi ya maili sitini, na ananiinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hiyo ni salamu halali huku kwetu na sina ubishi nayo, mimi mwenyewe huitumia. Lakini kidole kimoja kwa maili sitini, Mheshimiwa, kinakwisha kabla hujainua cha kwako.

4. Hapa ndipo kwenye kiini, na ningeomba mlango wa ofisi ufungwe.

Sisi wa huku hatutembeleani bila sababu. Sijui ni baridi au ni malezi. Mtu hawezi kwenda kwa mwenzake na kusema nimekuja tu. Lazima kitu kiwe kimeharibika. Kwa miaka sita pikapu ya Verlyn ilipozimika, Verlyn alipiga simu kwangu. Hakupiga kwa mwanawe wala kwa wenye gari la kukokota. Alisema: "Orlin, imefanya tena." Nami nilijibu kwamba nilijua, nikachukua mnyororo, nikamvuta kwa gari langu mpaka uani kwangu, kwa sababu uani kwangu ndiko karibu. Wakati mwingine palikuwa si karibu, ila ndivyo tulivyokubaliana kusema.

Sasa, injini iliyopoteza maji haifunguliwi kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Itakuunguza uso. Lazima isubiriwe ipoe, na injini ile ni kubwa, hupoa kwa saa mbili, kukiwa na joto saa tatu. Verlyn hakuwa na pa kwenda. Aliingia jikoni, nikapasha supu ya viazi na vidonge vya unga, tukakaa. Mke wangu Ione alifariki mwezi wa pili mwaka 2007. Pikapu ya Verlyn ilianza kuzimika masika yale yale. Kwa muda mrefu sauti pekee iliyosikika jikoni kwangu, ukiacha ya redio, ilikuwa ya Verlyn akisubiri injini ipoe. Hakuwahi kuniuliza naendeleaje, na mimi sikuwahi kumwambia. Tuliongea juu ya kifuniko cha rejeta. Mara moja tu, akiwa mlangoni anavaa kofia, alisema: "Ione angeweka chumvi zaidi." Nikasema ndiyo, angeweka. Hicho ndicho kikao chote cha msiba nilichofanyiwa, ukiacha cha kanisani, na kilinitosha.

Simu yangu haijalia kwa ajili ya gari lolote tangu tarehe 16 Machi. Nimeinua mkono wake mara kadhaa kuhakikisha kama ina mlio. Inao.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkuu, kwa heshima zote naomba ofisi yako ichukue hatua zifuatazo:

Kwanza, iamuru mfumo wa kurudisha moshi urudishwe katika pikapu ya Verlyn Sauter, ule ule wa zamani pamoja na masizi yake. Mpya usikubaliwe, maana unaweza kufanya kazi.

Pili, Verlyn asitozwe faini wala asiandikiwe barua ya kumtisha. Ni mtu mwema, na ana presha.

Tatu, Janessa apewe onyo kali la kutokuwa hodari namna ile karibu na wazee. Baada ya hapo apewe barua ya pongezi, kwa sababu vibati alivyozibia havivuji hata tone, nimeingia chini ya gari kuviangalia mwenyewe.

Nne, itungwe kanuni kwamba kila meza ya kahawa katika jimbo hili yenye wastaafu watatu au zaidi iwe na angalau pikapu moja isiyotegemeka. Ofisi iikague kila mwaka, na ikionekana imepona, mwenyewe apewe siku thelathini kuiharibu. Vijana wenye vyeti vya ufundi wasisogee kwenye gari la mtu aliyezidi miaka sabini bila idhini ya maandishi ya marafiki zake. Kama bajeti inaruhusu, pikapu mbili kwa kila meza, moja ikiwa ya akiba kwa msimu wa baridi.

Nafahamu kwamba mkaguzi wako atauliza moshi wa Verlyn sasa ukoje. Kwa ukweli, huwezi kuuona. Yeye hukanyaga mafuta polepole kama alivyofanya tangu mwaka 1953. Lakini sheria ni sheria, na mimi nimeamua kuwa upande wake.

Nakutakia kazi njema na mavuno mema, kama ofisi yako ina mavuno. Nisalimie wote ofisini, pamoja na karani atakayeifungua bahasha hii, ambaye namwomba radhi kwa masizi. Wa meza wanakusalimu pia, ingawa hawajui kama nimeandika.

Wako mtiifu katika mambo ya hewa,

Orlin Tveit

N.B. Barua hii ilikaa kwenye dashibodi siku kumi na mbili kabla ya kufika posta, na mambo yamebadilika kidogo.

Juzi Jumamosi nilikwenda mnadani nikanunua pikapu ya dizeli ya mwaka 2004, kampuni ile ile, mfumo wa kurudisha moshi ukiwa kamili kama sheria inavyotaka. Aliyekuwa nayo ni mwalimu mstaafu aliyeitunza mno. Vali yake ilikuwa mpya inayong'aa, na gari lilifika nyumbani bila hata kukohoa, jambo lililonivunja moyo.

Kwa hiyo utaona kifurushi hakina kielelezo nilichokitaja. Nimekitoa. Nilikipeleka kwa Janessa, nikamwomba aitoe vali mpya na kuniwekea ile ya babu yake. Aliigeuza mkononi, akasema: "Mzee Orlin, unajua hii ni mbovu." Nikasema najua. Alinitazama kidogo, kisha akasema: "Babu anarudi kesho kutoka milimani." Akaifunga, na kila boliti aliikaza vizuri.

Asubuhi ya leo pikapu imezimika mbele ya ushirika. Gaylen alikuwa amefika kabla sijashuka, sijui nani alimwambia. Anasema ni dizeli ya baridi. Milo anasema hayo ndiyo matunda ya kampuni ile, nozeli zake ni takataka. Mimi nimeshikilia kifuniko cha rejeta.

Nilimpigia Verlyn simu nikamwambia imefanya tena. Alisema alijua. Alinivuta hadi nyumbani kwa mnyororo wangu mwenyewe, na hakuzidisha maili kumi.

Tafadhali usimtume mkaguzi, na uyachukulie malalamiko yote kuwa yamefutwa, isipokuwa ile pongezi ya Janessa.

Tulipofika uani Verlyn aliweka mkono juu ya boneti, akasema lazima tuiache ipoe kwanza. Ilikuwa imetembea maili nne tangu asubuhi, nyingine nne imevutwa ikiwa imezimwa, na theluji ilikuwa imeanza kushika juu yake. Nikamwambia hata mimi naona hivyo, nikaenda kupasha supu.