Nirudishiwe Kifua Changu

Kwa Muuguzi Mkuu,
Wodi ya Watoto Njiti.

Ndugu Muuguzi Mkuu,

Nimepoteza kifua changu. Kilichukuliwa Jumatatu, wiki tatu zilizopita, saa nne na robo asubuhi. Muuguzi wako alinivua shati, akanilazia binti yangu kifuani, gramu 1,420, akasema, "Baba, mshikilie kidogo tu, mashine ya joto imejaa." Hicho kidogo, kwa saa ishirini kila siku, leo kimefika saa 420.

Mama yake amelazwa ghorofa ya juu kwa presha, yeye simlaumu. Nawalaumu ninyi, kama ifuatavyo:

1. Mimi ni fundi wa friji. Miaka kumi na tisa natengeneza baridi, na hakuna aliyenisomesha kazi ya joto. Kunigeuza jiko bila hata barua ya uhamisho ni uonevu.

2. Mashine za joto mnazo nne. Inayofanya kazi ni moja, na ndani wamo watoto watatu, wamepangwa kama viatu dukani. Tatu zilizobaki mmeanikia mashuka. Ya dirishani nimeichungulia: waya umekatika penye plagi, kazi ya dakika sita. Nikaambiwa, "Usiguse, baba, fundi wa makao makuu anakuja." Anakuja tangu mwaka juzi. Ni watoto wangapi wamepoa wakimsubiri, sijaambiwa.

3. Binti huyu husahau kupumua. Mlinifundisha nimtekenye unyayo akumbuke. Nimemtekenya mara kumi na saba. Macho yaligeuka manjano, yakatakata. Juzi homa ya mapafu ikabisha hodi, mkaifukuza kwa sindano. Wauguzi wawili, watoto ishirini na watano: gawanya mwenyewe, kisha uniambie nani angetekenya nyayo zote hizo.

4. Wanawake wa wodini wananiita Mama Mdogo. Jana mmoja kaniuliza, "Mwenzangu, huyo wako anacheua?" Nikajikuta nimekaa naye nusu saa tunashauriana.

Basi nataka binti aingizwe kwenye mashine, nami nivae shati kama wanaume wenzangu.

Nisalimie wauguzi wote, mfagiaji, na yule daktari tunayemjua kwa mgongo.

Wako anayetoka jasho,
Baba wa kitanda cha tisa.

Nyongeza: Muuguzi wa zamu amekuja sasa hivi kusema nafasi imepatikana kwenye mashine. Sikuthubutu kuuliza imepatikanaje. Apewe mwingine, huyu asiguswe. Leo ana gramu 1,710, na nasikia wakifika kilo mbili mnawashusha kifuani. Nijibiwe kwa maandishi, kabla ya Ijumaa saa sita mchana: hiyo ni sheria, au ni mazoea yenu tu?