Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Jumatatu, 3 Machi
Bi. Germana, afisa mifugo wetu wa kata, kamtibu Kahawa, ng'ombe wangu pekee wa maziwa. Chuchu moja ilivimba. Kaipiga dawa, kisha kaniamuru nimwage maziwa yote mpaka Ijumaa. Eti dawa inabaki ndani ya maziwa. Nimeitikia kwa adabu. Moyoni nimekataa. Wiki hii Recho, muuza mtindi wa Mlowo, anachagua mtu mmoja wa kumpelekea maziwa mwaka mzima. Ni mimi au jirani yangu Efraimu. Efraimu akipata, nahama kijiji hiki cha Ihanda.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni nywele, na zangu ni nyingi. Dawa iliingia chuchu moja. Ng'ombe ana nne! Nimekamua tatu, ile moja nimeimwaga kama sheria inavyotaka. Mke wangu Ferista kauliza kama ndani ya ng'ombe kuna kuta. Nimemwambia ashughulike na maharage yake. Dumu limeenda Mlowo kwa bodaboda.

Alhamisi, 6 Machi
Recho kapiga simu. Maziwa aliyoyachanganya tangu juzi, yangu na ya Efraimu, hayagandi. Na mtindi ni wa harusi ya Jumamosi. Nimemshauri kwa upole achunguze ya Efraimu, maana yule bwana hukamulia karibu sana na mto. Kakubali. Ataweka ya kila mtu kwenye ndoo yake. Safi. Nimepeleka ya asubuhi hii mwenyewe, nikasimamia jina langu liandikwe kwa herufi kubwa.

Jumamosi, 8 Machi
Ndoo ya Efraimu imeganda, unaweza kuikata kwa kisu. Yangu maji matupu. Bi. Germana alikuwepo dukani kwa Recho. Alihesabu tu siku kwa vidole huku ananitazama. Recho kaniambia mbele ya wateja: Baba Tumpale, umeniaibisha kwa maharusi, maziwa ya mwaka huu ni ya Efraimu, na wewe usiniletee hata ya chai. Efraimu akanipa pole. Pole yake imeniuma kuliko yote. Nimerudi kwa miguu.

Jumapili, 9 Machi
Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa nawaza. Maziwa yale ya Jumanne nilibakiza kikombe kabatini. Siku ya tano leo, hayajachacha! Wilaya nzima ya Mbozi nani ana maziwa ya namna hiyo? Na kule Tunduma madereva wa malori wanakaa foleni siku nzima nzima kusubiri kuvuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia, wanakunywa chai ya rangi kwa sababu maziwa huwachachia njiani. Recho hana jicho la biashara. Efraimu abaki na mtindi wake.
Kahawa amepona kabisa, anakula vizuri, asubuhi karibu anipige teke. Nimempigia Bi. Germana kumwambia hali ya ng'ombe ni mbaya sana, aje kesho na dawa ya kutosha.