Sura ya Kwanza Ni ya Nani?

Pesamino wa kijiji cha Lotovai, kisiwani Savaii, alikuwa na riwaya kubwa kuliko zote zilizopata kutungwa Samoa nzima. Kilichobaki ni kuiandika tu.

Majina ya sura yalikuwa tayari. Hayo alikuwa nayo thelathini na moja, ndani ya daftari lenye jalada gumu, kila jina na ukurasa wake, limeandikwa kwa wino wa buluu na kupigiwa mistari miwili kwa rula. Chini ya kila jina ukurasa ulikuwa mweupe pe! Hata inzi hakuwa ametua.

"Kazi ngumu imekwisha," aliwatangazia watu. "Mwili wa sura huja wenyewe. Shughuli ni kichwa! Mtoto akizaliwa hutanguliza nini? Si kichwa?"

"Na kikitoka kichwa peke yake?" aliuliza mkewe, Siniva, aliyekuwa akikuna nazi.

"Wewe huelewi sanaa."

"Sanaa sielewi. Kuzaa naelewa. Nimezaa watano, na wote walikuja na miguu yao."

Pesamino alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza dirishani akikata tiketi za feri, akiandika majina ya abiria kutwa kucha, na hapakutokea msamaria wa kumwambia kwamba kuandika majina ya watu na kuandika habari zao ni kazi mbili. Alipostaafu alinunua miwani, akaanza kutembea polepole, na akimsalimia mtu alinyamaza kwanza kidogo, kama mtu anayechagua neno kati ya maneno elfu. Mwisho wa kuchagua kote huko alisema, "Hujambo."

Njia yake ya kutunga ilikuwa hii. Kila asubuhi alisimama kwenye majani nyuma ya nyumba, akakohoa, akawapigia nguruwe kelele za jina jipya. Nguruwe akiinua kichwa, jina limefaulu. Akiendelea kula, jina linakatwa.

"Mawingu Yaliyokataa Posa!" Hakuna aliyeshtuka. Likakatwa.

"Damu, Machozi na Nyama ya Kopo!" Mmoja alitikisa sikio. Likawekewa alama ya kuuliza.

"Mlima Ulipopiga Chafya!" Nguruwe watatu waliinua vichwa kwa mpigo mmoja! Siku hiyo Pesamino alishindwa kula kwa furaha. Siniva alijua kwamba ile ndiyo saa yake ya kuwamwagia nguruwe maganda ya magimbi, na alikuwa ameshika ndoo nyuma ya mumewe. Lakini hakuulizwa.

Mambo haya yangeishia kwa nguruwe na Siniva kama mzee Matavai asingefariki.

Matavai ni jina la uchifu la ukoo wao. Mwenye jina hilo akifa, jina halizikwi. Ukoo hukaa, hubishana, hatimaye humvika mwingine. Atakayevikwa ataketi barazani na machifu wenzake, mgongo kwenye nguzo yake, na wengine watamhudumia. Asiye na jina, hata awe na mvi mpaka ndani ya masikio, bado huitwa kijana na kutumwa kuni.

Pesamino alikuwa ametumwa kuni kwa miaka hamsini na mmoja. Alilitaka jina lile mpaka meno yakamuuma.

Mpinzani wake alikuwa mmoja tu: Uelese, mtoto wa baba yake mdogo, fundi wa mabomba ya maji. Uelese alisema maneno saba kwa wiki, na matano kati ya hayo yalihusu mabomba.

"Yule?" Pesamino alicheka. "Yule atawaambia nini machifu? Habari za koki?"

Mwenye neno la mwisho alikuwa Shangazi Salafai, dada wa marehemu. Ukoo ungeweza kubishana mpaka povu litoke, lakini bila yeye kuitikia, jina halitoki. Jumatano alifika kwa Pesamino na mwavuli wake, akaketi, akakataa kikombe cha kakao.

"Nasikia una kitabu, mwanangu."

"Ninacho, shangazi."

"Kinahusu nini?"

Pesamino aliwatazama nguruwe. Nguruwe hawakumsaidia. "Kinahusu mengi."

"Sisi watu wa Lotovai tumo?"

"Mmo! Mmejaa tele!"

"Vizuri. Jumamosi mheshimiwa Taimasa anakuja na msemaji wake, Lauifi, kuwasikiliza wewe na Uelese kabla sijaamua. Maana atakayepewa jina atakaa nao maisha yake yote. Njoo na hicho kitabu, waone kama unawajua watu."

Kazi ikaanza! Pesamino alifuta majina yote thelathini na moja, hata mlima na chafya yake, akatunga mapya kumi na manne. Lotovai ina machifu kumi na wanne. Kila chifu angepewa sura yake! Nani atamkataa mtu aliyempa sura nzima?

Sasa, hata mtoto wa Lotovai anayejifunza kutembea anajua kwamba majina ya machifu yana mpangilio. Kwanza Taimasa, pili Lauifi, kisha wengine, mpaka Puni, wa kumi na nne. Matavai ni wa kumi na moja. Kila hotuba huanza kwa kuyataja hivyo, arusini na msibani, na anayeruka jina moja huketishwa chini kabla hajafika kwenye salamu.

Pesamino aliyajua hayo. Lakini alijua pia kwamba shujaa wa riwaya lazima aingie sura ya kwanza. Na shujaa wake alikuwa nani? Alijikuna kidevu kwa unyenyekevu mkubwa, akaandika.

Siniva alichungulia begani. "Matavai wa kwanza?"

"Ndiye shujaa. Shujaa haingii sura ya kumi na moja, Siniva. Wasomaji watakuwa wamelala."

"Na Taimasa, wa pili?"

"Hii ni fasihi! Kwenye fasihi hakuna nguzo ya mtu."

"Haya," alisema Siniva. "Jumamosi mimi nitakaa pembeni kabisa, nipate pa kupitia."

Jumamosi asubuhi ukoo wote ulijaa katika nyumba ya marehemu, nyumba ya nguzo isiyo na kuta, kwa hiyo waliokosa nafasi walikaa kwenye majani na kusikia kila kitu. Taimasa aliegemea nguzo yake, mtu mnene, mtulivu, kikombe cha kakao mkononi. Kando yake Lauifi, mwembamba, macho yanacheza.

Pesamino aliingia amevaa shati la maua makubwa, daftari kwapani, na mgwisho wa marehemu begani, kama msemaji mkuu. Shangazi Salafai alimpokonya ule mgwisho bila neno, akaanza kufukuzia nzi.

Hilo halikumtikisa. Alifungua daftari, akalishika mbali kama mhubiri.

"Yaliyomo!" alinguruma.

"Vyema!" waliitikia watu, kama inavyopasa mtu akianza kusema.

"Sura ya Kwanza! Matavai, Nguzo Iliyoshikilia Mbingu!"

Hakuna aliyeitikia. Kwenye majani, mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya magimbi aliacha kumenya.

"Sura ya Pili! Taimasa, Kivuli Kinene cha Adhuhuri!"

Taimasa alitua kikombe. "Ya ngapi?"

"Ya pili, mheshimiwa."

"Mimi ni wa pili?"

"Si wewe, mheshimiwa! Ni sura yako tu."

"Sura yangu?" Taimasa alijishika shavu. "Sura yangu ni ya pili baada ya sura ya nani?"

"Ya Matavai, mheshimiwa."

"Matavai hana sura. Tumemzika."

Huko kwenye majani mtu alicheka akajifanya anakohoa. Pesamino alijifuta jasho. "Ni Matavai ajaye, mheshimiwa. Shujaa."

"Nani huyo ajaye?" aliuliza Shangazi Salafai, mgwisho ukiwa umesimama hewani.

"Hatujui, shangazi! Mtu yeyote tu! Mtu wa makamo, labda. Mwenye miwani."

"Na mimi niko wapi?" aliuliza Lauifi kwa upole uliotisha.

"Wewe, mheshimiwa, umo Sura ya Tisa. Ulimi Usiojua Jumapili."

"Ya tisa! Aliye wa nane ni nani?"

"Puni."

Puni mwenyewe, aliyekuwa amekaa kwenye majani na watoto wake kwa heshima zake zote za chifu wa mwisho, aliruka. "Mimi simo! Mheshimiwa Lauifi, mimi sikumwomba huyu chochote! Nirudishe nyuma, bwana wee, unataka kuniua?"

"Nakurudisha!" Pesamino alikuwa amekwisha toa kalamu. "Puni, kumi na nne. Lauifi, pili. Taimasa, kwanza. Sasa Matavai anakwenda... ngoja... aliyekuwa wa tatu anakuwa..." Alikata, akachora mshale, akakata mshale, akachora mwingine ukaenda mpaka kwenye jalada. Mwishowe ukurasa wa Yaliyomo ulifanana na nyavu zilizogombaniwa na paka. "Basi!" alipiga kelele. "Zote ni Sura ya Kwanza! Kuanzia leo sura zote kumi na nne ni za kwanza!"

Hapo hata Taimasa alicheka, tumbo likisukasuka chini ya shati. Na Pesamino, alipoona tumbo limecheka, akadhani ameponea.

Lauifi aliinua kidole. "Ngojeni. Mimi si mtu wa makuu. Niko tayari kukaa nafasi ya tisa kama ndani mna mambo mazuri. Tusomee, kijana. Sura yangu inasemaje?"

"Inasema Ulimi Usiojua—"

"Hicho ni kichwa. Nataka ndani."

"Ndani... bado panapumua, mheshimiwa."

"Lete hapa."

Daftari likapita mkono kwa mkono mpaka kwa Lauifi. Akafungua ukurasa wa tisa. Akafungua wa kumi. Akalinyanyua kwenye mwanga, akaligeuza juu chini, akalitikisa kama mtu anayetafuta mchwa. Hakikudondoka kitu.

"Mheshimiwa Taimasa," alisema, "hili la mpangilio tumsamehe, watu hukosea. Lakini tazama. Huyu ametualika wote kumi na nne nyumbani kwake. Ametupangia nguzo za kuegemea, kila mtu yake, ametuita kwa majina makubwa, tumekaa, tumejinyoosha. Na hajapika!"

Nyumba ikavunjika mbavu. Walioko kwenye majani wakawaeleza walioko barabarani. Pesamino alisimama na kalamu yake, maua ya shati yamelowa, anatafuta jina la kuliita jambo lile, na kwa mara ya kwanza hakuna lililokuja.

Taimasa alimgeukia Uelese, aliyekuwa amekaa nyuma akiangalia kucha zake. "Na wewe umetuandikia nini?"

"Sijaandika kitu, mheshimiwa."

"Lakini unatujua?"

Uelese alifikiri. "Kwako, mheshimiwa, koki ya tangi imelika. Naja Jumatatu. Kwa mheshimiwa Lauifi bomba la nyuma linavuja kwenye kiungo, mama wa nyumba ameweka beseni, asilitoe. Wa tatu..."

Akaendelea. Hakuwahi kusema maneno mengi kiasi kile tangu azaliwe. Alizitaja nyumba zote kumi na nne, bila daftari, kila moja mahali pake, na kila nyumba ilikuwa na kitu ndani: ufa, kutu, mizizi ya mkuyu iliyoziba bomba, bibi asiyeweza kuinama kufikia koki na aliyehitaji koki iinuliwe. Kwa marehemu Matavai, wa kumi na moja, alisema, "Hapa bomba lote ni la kubadilisha. Nilimwahidi." Kwa Puni, wa mwisho, alisema maji ni mazuri ila presha ndogo.

"Vyema!" alisema Taimasa.

"Vyema!" waliitikia wote, mpaka wa barabarani.

Shangazi Salafai alinyoosha mkono, akaweka ule mgwisho kwenye mapaja ya Uelese. Kikao kikawa kimekwisha. Siniva, kule pembeni, alikuwa wa kwanza kutoka.

Pesamino alijifungia siku tatu. Siku ya nne alitoka, akagundua kwamba jina alilokuwa akilililia amelipata. Kijiji kilikuwa kimempa bila ubishi, bila kikao, wakubwa kwa wadogo. Walimwita Yaliyomo.

"Habari za asubuhi, Yaliyomo!" "Yaliyomo, umeamkaje?" Hata mchungaji lilimponyoka, katikati ya matangazo ya kanisa.

Siku Uelese alipovikwa jina la Matavai, Pesamino alikuwa kwenye mstari wa wahudumu, sinia mikononi, limefunikwa kwa jani la mgomba. Alipofika mbele ya nguzo ya kwanza alipiga magoti kama wenzake.

"Ah, Yaliyomo!" alisema Taimasa. "Mna nini humo leo?"

Pesamino aliona macho yote yamemgeukia. Akasahau magoti yake. Akasahau kila kitu. Akavuta pumzi, akanyanyua jani kwa vidole viwili, akatangaza kwa sauti ile ile ya nyuma ya nyumba:

"Bahari Ilipolala Katika Maziwa ya Nazi!"

Taimasa aliinama akachungulia. "Ni samaki?"

"Ni samaki, mheshimiwa."

"Basi sema samaki. Weka chini, lete na maji."