Kuomba Paka Wetu Atambuliwe Kuwa Mbwa

Kwa Daktari wa Mifugo,

YAH: UBAGUZI ULIOUINGIZA NYUMBANI KWANGU KWA NJIA YA DAWA YA KUPE

Nakuandikia nikiwa na afya njema, isipokuwa moyo. Mimi ni yule fundi cherehani uliyemuuzia juzi dawa ya matone, ya kupe na viroboto, ukamhutubia kama mtoto wa chekechea. Kabla ya siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na kupe, lakini ilikuwa na amani.

Ufahamu kwanza kwamba kwetu kinachotolewa kwa mmoja hutolewa kwa wote. Mwanangu akikohoa, sote tunakunywa dawa ya kikohozi, pamoja na mgeni atakayekutwa sebuleni. Hakuna anayelalamika kwamba hakupendwa. Sasa tazama ulichofanya.

1. Nilikuletea vipimo vya mbwa wangu, Meneja, nilivyovichukua kwa mkono wangu mwenyewe: kifua, kiuno, na urefu kutoka shingo hadi mkia. Ukasema unataka kilo. Msaidizi wako akacheka mpaka akashika meza. Ukanionya nisikisie, kwamba dawa ikizidi mbwa ataugua na ikipungua kupe watabaki. Daktari, mimi kila suruali naiachia pindo la akiba ili mteja anenepe humo. Kwa nini dawa yako haina pindo?

2. Uliagiza dawa iwekwe kwenye ngozi kati ya mabega, mahali ambapo mbwa hawezi kujilamba, watoto wasimguse mpaka akauke, nami ninawe mikono. Meneja alizunguka uani mchana kutwa akiutafuta mgongo wake. Huyu ndiye anayelala chini ya cherehani yangu, miguu yangu juu yake. Bila yeye nimeshona suruali ya mwalimu mkuu mguu mmoja ukiwa mbele ya mwenzake. Alipokuja kuijaribu alitembea kama mtu anayekata kona, na aliponiuliza kulikoni, nilikutaja wewe.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Tunaye paka, jina lake Shemeji, kwa kuwa alikuja ndani ya kapu la mke wangu siku alipohamia kwangu. Ukasema dawa ya mbwa inaweza kumuua paka, hata akimlalia tu mbwa ambaye hajakauka. Ukanipa kichupa kingine, cha paka. Kidogo, Daktari. Mama mkwe wangu, anayeishi nasi, aliviweka vichupa vyote viwili mezani, akavitazama, kisha akaniuliza mbele ya watoto kwa nini upande wangu umepata kikubwa na upande wao kidogo. Nikamweleza mambo ya sumu na uzito. Akaniuliza hayo nimeyasomea kwenye cherehani gani. Tangu hapo mke wangu ananiita Bwana Fundi, na mke akishakuita kwa cheo ujue chakula kitakuja kimepoa.

4. Jirani yetu, mfugaji, alitaka kutusuluhisha kwa dawa yake ya kuogeshea ng'ombe, wote wapakwe hiyo hiyo. Nawe ulishaikataza pia. Yaani hata ng'ombe umewatenga na sisi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, barua yenye muhuri inayomtambua Shemeji kuwa mbwa mdogo, apate haki zote za mbwa pamoja na kichupa kikubwa. Kubweka tutamfundisha wenyewe. Ikishindikana, mtangaze Meneja kuwa paka. Nikikosa yote mawili, basi ukiri kwa maandishi kwamba onyo lako ni woga wa wasomi, niyabandike ukutani mama mkwe ayaone. Mimi binafsi onyo hilo siliamini hata chembe.

Nisalimie msaidizi wako aliyecheka, mbuzi uliowalaza hapo, na mama anayefagia mlangoni.

Wako mtiifu, mwenye kinyongo,
Fundi Cherehani, nyumba ya mlango wa bluu

Nyongeza: Nilipokwisha kutia sahihi, mama mkwe alisema kama onyo ni uongo basi nianze mimi. Nikajimiminia ile ya mbwa nyuma ya shingo, familia nzima ikitazama. Shingo inawasha, lakini hilo si neno. Shemeji, ambaye kila mchana hujilaza shingoni kwangu nikishona, alinyanyuka kitini kunifuata. Daktari, nilitokea dirishani. Nimejifungia kwenye bafu la nje, na namba moja hadi nne zifute zote. Hajanigusa. Nampenda paka huyu kuliko nilivyowahi kumwambia mke wangu. Nijibu haraka nijioshe na nini, na shingo ya mtu hukauka baada ya muda gani. Yuko hapa mlangoni anakwaruza na kuniita, nami sifungui.