Kifini cha Kuleta Pampu Upande Wetu

Jumatatu, 3 Agosti 1987

Hili sijamwambia mtu. Hata Mungu nimemwambia kwa kuzungukazunguka. Ninajifunza Kifini.

Sababu ni maji. Wafini wanachimba visima huku Naitiri. Cha kijiji chetu kitawekwa upande wetu au kule juu kwa Mzee Mathenge. Pande zote wamepima, maji yapo. Mzee Mathenge ana mabati nyumba nzima, na tangi. Sisi tuna mto, chini kabisa bondeni, na shingo ya Mama. Leo nimemwona akitua mtungi njiani apumzike. Zamani hakuwa anapumzika.

Mpango wangu: mhandisi wao, Bwana Pekka, anapita nyumba kwa nyumba kuuliza hali ya maji. Akifika kwetu atasalimiwa kwa lugha ya mama yake. Atalainika. Pampu yetu!

Mwalimu ni khocha Mukhisa, kaka yake Mama, dereva wa hao Wafini. Malipo: namfulia soksi. Soksi zenyewe! Tuyaache.

Jumanne, 4 Agosti

Hyvää päivää, habari za mchana. Mitä kuuluu, habari yako. Kiitos, asante. Vesi, maji. Joo, ndiyo. Khocha anasema joo peke yake imemweka kazini tangu aajiriwe. Ila khocha huchanganya l na r, kama wengi wetu huku Bungoma. Sijui Kifini changu kina ngapi za Finland na ngapi za kwetu.

Nafanya mazoezi na ndama. Anasikiliza vizuri.

Nimewaza jambo. Kwa Kiingereza mimi ni bubu. Shule ya msingi nilivalishwa disk, kile kibao cha aliyeponyokwa na lugha ya nyumbani, hadi kamba ikaniachia alama. Kwa Kiswahili, Hiram wa Mzee Mathenge hunisahihisha. Huyo darasani mkono wake hupanda kabla swali halijaisha. Lakini Kifini! Nikikosea, nani atajua? Pengine mimi si mwenye haya. Pengine naona haya tu mbele ya wanaojua.

Ijumaa, 7 Agosti

Amekuja! Na nani mbele yake, shati jeupe limepigwa pasi? Hiram! Amejiteua mkalimani.

Bwana Pekka ni mrefu, aliinama mlangoni. Nywele kama ndevu za mahindi. Mama akamuuliza habari za kwao, watoto, ng'ombe, kama mvua imenyesha. Hayo yote Hiram akayafupisha kwa Kiingereza: ati wanakusalimu. Kisha Mama akaanza habari ya mto. Hiram akafupisha tena: ati hawa wako sawa tu.

Wako sawa! Hasira ilinisukuma kutoka nyuma ya pazia. Hyvää päivää! Mitä kuuluu?

Bwana Pekka aliganda kama aliyeitwa na mamake. Akaketi. Akaanza kusema, Kifini kitupu, na hakuacha. Hiram mdomo wazi. Utamu ulioje! Akaonyesha nyuma ya nyumba, akauliza kitu. Nikasema joo. Akaonyesha mtoni. Joo. Akamwangalia Mama, akauliza kwa sauti ya chini. Joo. Mtoto aliyelelewa hamkatalii mgeni, tena mtu mzima, tena amekalia kiti chenu.

Akaandika kitu, akaondoka akipangusa macho. Hiram akataka kujua tumesema nini. Nikamwambia ni mambo ya ndani.

Jumamosi, 8 Agosti

Khocha ameingia bila kuvua kofia. Vigingi vya kisima vimepigwa kwa Mathenge!

Alimuuliza mhandisi sababu. Mhandisi kamwambia yule msichana mwenyewe alimthibitishia: nyuma ya nyumba kuna tangi, mto uko karibu, na mama yake hachoki.

Tangi! Nyuma ya nyumba kuna mgomba.

Khocha akauliza, si ungesema ei? Ei ndiyo hapana. Nikamwambia hukunifundisha ei. Akakiri kwamba hata yeye hajawahi kuitumia.

Basi akasema niende Jumatatu, nimwambie kwa Kiingereza kwamba sikuelewa. Hayo tu. Kwani Kiingereza unasomea nini, bana?

Nimefikiri sana. Ni rahisi. Lakini yule mtu aliketi kwetu akatoa moyo wake wote, na atajua aliutoa mbele ya ukuta. Na Hiram atakuwepo. Haiwezekani.

Mpango mpya: nitamweleza kwa Kifini! Khocha amenitafutia kwa wenzake: Meillä ei ole vettä. Hatuna maji.

Jumatatu, 10 Agosti

Njia nzima nilikuwa nayo. Nikafika penye vigingi, nikasema Hyvää päivää, na iliyobaki ikatoroka. Bwana Pekka akafurahi, akauliza kitu. Joo, nikasema. Joo!

Ndipo Mama akatokea. Khocha alikuwa amemwambia yote. Hakunigombeza. Alimpa Bwana Pekka mtungi mtupu, akamshika mkono wa shati, akamwambia kwa Kibukusu, twende, mwanangu. Wakashuka bondeni.

Nikawangoja nyumbani, wakakawia. Bwana Pekka aliporudi, mtungi alikuwa ameukumbatia kama mtoto, shati limelowa, uso mwekundu. Akatua hapa, akatua pale. Akafika kwetu, akaenda nyuma ya nyumba kulitazama tangi. Akautazama mgomba. Akanitazama. Niliangalia vidole vyangu vya miguu.

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akapanda kwa Mathenge, akang'oa vigingi kwa mikono yake.

Jumatatu, 17 Agosti

Pampu iko upande wetu! Mama alikunywa wa kwanza. Akajaza kikombe tena, akanipa.

Nimewaza kwa makini ni nini kilituokoa. Jibu: Kifini changu. Kama nisingemlainisha kwanza, yule angebeba mtungi? Thubutu! Hiram naye amekuja kuomba nimfundishe. Nimekubali. Soksi za khocha sasa ni zake.

Jioni Bwana Pekka alisimama mbele ya watu wote akaniambia maneno marefu, akionyesha pampu, kanisa, halafu mimi. Wote wananingoja.

Nikasema joo. Wakapiga makofi.

Sijui nimekubali nini. Khocha ameenda kuuliza. Hapo nje nasikia hatua, nyingi, na moja ni ya buti kubwa za Bwana Pekka. Mama anaita nivae gauni la kanisa upesi, wageni wameshafika. Wanapiga hodi. Godoro liko wapi, ukurasa huu uingie chi