Dawa ya Kumwandika Babu

Jumatatu, 16 Juni 2025

Bibi Paskazia anarudi Kisesa Jumamosi. Nimemwahidi kwamba ataondoka na habari za marehemu Babu Luhaga, zilizoandikwa na mimi. Jumapili ni sikukuu ya Ekaristi. Wazee waliocheza ngoma pamoja na Babu watakutana nyumbani kwa Bibi kumkumbuka, na katekista atawasomea. Bibi hajui kusoma. Amesema akisikia atajua tu kama ni kweli.

Heshima kubwa! Mama alishauri kazi apewe mjomba Jonathan, mwenye diploma. Bibi akakataa. Akasema apewe Odeta, ana macho ya babu yake.

Mwalimu Modesta wa Kiswahili alitufundisha kwamba mwandishi hangoji hamu, anaandika kila siku, hata mistari mitano. Namheshimu sana Mwalimu. Nadhani hapo aliteleza. Bila hamu mkono utakwenda wapi?

Leo nimeitafuta hamu kwenye mawe ya ziwani, huku kwetu Pasiansi. Mandhari safi kabisa. Upepo wa kiasi. Nimeandika kichwa cha habari na kukipigia mstari kwa rula. Kisha nikaandika: Babu Luhaga alizaliwa. Mjusi mwenye kichwa chekundu alikuwa kwenye jiwe la pili. Nikamsomea. Akatikisa kichwa mara nyingi. Nikaona amekubali. Nikarudi nyumbani kupumzika.

Jumanne, 17 Juni

Mbinu mpya: nadhiri. Nimetangaza mbele ya wote kwamba sitakula samaki mpaka nimalize ukurasa mmoja. Nilitegemea Mama anibembeleze. Mama akasema sawa, mwanangu, Mungu akutie nguvu. Akamsogezea Rebeka sato wangu.

Rebeka ni mtoto wa mama mkubwa. Yuko kwetu kwa likizo. Mimi Kidato cha Pili, yeye cha Kwanza. Alimla sato wangu mpaka kichwa, akalamba vidole, akasema asante dada Odeta, na kesho usiandike.

Nikala ugali na mchicha. Nimethibitisha: njaa si hamu.

Tena nimekwama. Babu alizaliwa wapi? Bibi alikuwa uani akichambua mchele. Ningeweza kumwuliza. Lakini niliona si vizuri kumsumbua mtu mzima kwa maswali kabla hamu haijafika.

Jumatano, 18 Juni

Nimeipata!

Asubuhi nilimwamkia Bibi, akaitikia marahaba, akauliza kazi yake imefika wapi. Nikasema niko kwenye maandalizi. Akacheka. Akasema hata Babu alikuwa mvivu wa mazoezi. Ngoma yake ililala usingizi mpaka asikie wa upande wa pili wanapiga yao. Hapo alikuwa anaruka kitandani kama ameumwa na siafu!

Bila shaka! Kwetu Usukumani ngoma mbili hushindana kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake. Hakuna kutoa alama. Watu huenda wanakopenda, na penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. Ndiyo maana wachezaji huhangaika na dawa ya kuvuta watu, na vituko, na nyoka wa shingoni.

Kumbe nilikosa mpinzani tu. Nikamfuata Rebeka. Nikamwambia hawezi kuandika hata barua ya kuomba ruhusa. Hakujali. Nikamwambia mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye majivu. Akajali.

Tumepatana. Ijumaa jioni, uani kwetu, tunasoma kwa pamoja, kila mmoja kwenye kona yake. Habari ni Babu. Bibi amepiga vigelegele.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya kazi nzito. Nimeazima kitenge cha Mama. Nimeokota manyoya ya kuku na kuyashona kwenye kilemba. Nimepata debe la kupiga. Nimepita nyumba za jirani kutangaza. Dada Ishrat wa nyumba ya pili aliuliza kama ni harusi. Nikamjibu ni zaidi ya harusi.

Rebeka hana maandalizi yoyote. Maskini. Kutwa amekaa mkekani na Bibi, wanachambua mchele na kupiga soga. Mchele uliisha tangu saa tano. Nimewaona wanauchambua upya uleule.

Habari yenyewe nitaiandika kesho asubuhi. Hamu itakuwa imeiva.

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi manyoya yaling'oka. Nikashona tena. Mchana nikakaanga karanga, ndiyo dawa yangu ya kuvuta watu. Jioni ikafika ghafla mno.

Nikapiga debe. Watu wakaja, wakubwa kwa wadogo, na wote wakajaa kwenye kona yangu! Bibi aliweka kigoda chake mbele kabisa. Rebeka alibaki peke yake na karatasi zake. Nilitaka kumwonea huruma, nikaahirisha.

Nikasoma: Babu Luhaga alizaliwa.

Wakangoja.

Nikaongeza kutoka kichwani kwamba alizaliwa asubuhi yenye jua. Bibi akasema ilikuwa jioni, tena mvua inanyesha. Watu wakaangua kicheko. Nikapiga debe. Nikagawa karanga. Mtu wa nyuma akauliza huyo babu atakua lini.

Karanga zilipokwisha, uani kukawa kimya, na sauti ya Rebeka ikasikika. Alikuwa anasoma polepole. Babu ni kijana. Mashindano yamechemka. Ghafla anamwona msichana upande wa wapinzani, anacheka. Babu anaacha kucheza. Anavuka uwanja, jasho linamtoka, wenzake wanamwita msaliti, wanaapa watamtoza mbuzi. Yeye anakwenda tu.

Dada Ishrat alihama wa kwanza. Akafuata Mama. Mama yangu mzazi! Nikabaki na Bibi. Alikuwa ameinama kidogo, sikio ameligeuzia kule. Akaniangalia kwa aibu kama mtoto. Nikamwambia Bibi, nenda tu. Akainua kigoda chake, akaenda.

Nikabaki na debe. Nilitaka kukasirika. Lakini je, alimfikia yule msichana? Alilipa mbuzi? Nikavumilia kidogo. Ikanishinda. Nikahama na mimi, na manyoya yangu kichwani.

Bibi akanishika mkono, hakuuachia mpaka mwisho. Alimfikia. Mbuzi alilipa. Msichana ndiye Bibi. Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema yote ni kweli.

Nimeshindwa vibaya. Nimelia pia, lakini nadhani zaidi kwa sababu ya Babu.

Jumamosi, 21 Juni

Mjomba Jonathan alikuja na pikapu kumchukua Bibi. Mjomba akiwa anafunga magunia kwa kamba, Bibi aliniita kwenye dirisha la gari. Nikamwomba radhi kwa ahadi yangu. Akasema habari ya Babu imepata mwandishi, karatasi za Rebeka anazo, basi. Lakini imebaki ya kwake. Siku ile alipomwona kijana yule anavuka uwanja kumjia, yeye aliwaza nini? Hajamwambia mtu, hata Babu mwenyewe. Anataka niandike mimi.

Mimi! Baada ya jana!

Na hakutaka kuchelewa. Akaanza palepale, kwamba siku hiyo alikuwa amevaa gauni la kuazima.

Nikamwambia Bibi, ngoja! Habari kama hii haiandikwi kwa kalamu yoyote tu. Nikakimbia dukani kwa Mzee Tayabali. Nikajaribu kalamu kwenye boksi la sabuni. Moja nene, moja inakwaruza, moja bluu yake imepauka. Mzee Tayabali akasema binti, zote zinaandika. Nikamwomba anionyeshe na za juu.

Niliporudi, pikapu ilikuwa inaingia barabara kubwa. Mkono wa Bibi ukatoka dirishani, unapunga. Nikapunga kalamu.

Mama na Rebeka walikuwa getini wameegemeana, wanafuta machozi ya kicheko. Kumbe Bibi alishindwa kungoja. Aliwasimulia yote, mpaka Mjomba akakosea kufunga kamba mara mbili. Rebeka akanivuta mkono. Akasema dada Odeta, kaa chini nikuambie sasa hivi, bado ninayo yote mdomoni.

Ni mtoto mwema, Rebeka. Nimemwambia aitunze mpaka kesho. Leo nafunika daftari jipya kwa karatasi ya kaki, pembe zake zikae sawa. Habari ya Bibi si ya kukurupukia. Halafu nasikia hamu inakaribia kabisa. Ni ya kungojwa tu.