Viti Nje, Miwani Ndani

Jumatano, 8 Aprili

Hili sijawahi kumwambia mtu: nikivaa miwani ya VR, ile ya kukuingiza ndani ya mchezo, naongea. Mimi! Mtu ambaye akisalimiwa na Gacheri wa kwaya hujibu kwa kukohoa. Leo ndani ya mchezo nimemfokea askari mzima alale chini. Akalala!

Miwani ni ya binamu yangu Ndwiga. Ataichukua Jumatatu. Nimemtumia Gacheri meseji aje ajaribu Jumamosi. Amekubali. Nitaongea naye nikiwa nimeivaa. Mpango safi.

Shida ni sebule ya shosho, bibi yangu. Mchezo unataka nafasi ya kutembea na kurusha mikono. Sebule ina sofa kila ukuta, stuli katikati na kabati la vikombe vya wageni, vyote vimevalishwa vitambaa kama vinaenda harusi. Nimerusha ngumi moja. Adui amepona. Kikombe hakikupona. Nimekizika kwenye migomba.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimejaribu uani. Jua kali, miwani ikachanganyikiwa. Nikamkaba adui shingo. Kumbe gauni la shosho kwenye kamba! Akauliza kama ni malaria au mapepo, ajue anaita daktari au pasta.

Lakini kesho anapeleka ndizi soko la Gakoromone. Nitatoa viti vyote nje. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria hili.

Jumamosi, 11 Aprili

Sasa najua kwa nini.

Nilivipanga uani vizuri, kwa mistari. Nikaingia, nikavaa miwani, nikapigana, nikapiga mayowe. Kuivua, wueh! Sebule imejaa akina mama. Jirani yetu Mama Mwirigi na kuni mgongoni. Mwingine na sukari. Huku kwetu sofa zikionekana nje, ni matanga. Nani huuliza? Na mayowe yangu waliyasikia toka barabarani.

Mama Mwirigi akanishika mabega. Pole baba, ni shosho? Nikakohoa.

Wakaangua kilio.

Chai ikawekwa motoni, watu wakaketi kwenye sofa uani. Kwaya ikafika ikiimba wimbo wa msiba, Gacheri akiwa mbele na kitabu cha nyimbo. Aki, ardhi haikupasuka nilipoihitaji.

Shosho akarudi na kikapu kitupu, akauliza nani amekufa. Mama Mwirigi alikuwa katikati ya kusema hakuna mwanamke mkarimu kama marehemu, na hawajasalimiana tangu kuku wa shosho walipokula sukuma wiki zake. Shosho akaketi sofa ya mbele, akamwambia aendelee, asiruke kitu.

Gacheri alinipitia mlangoni akicheka. Kumbe una sauti, Runji! Akauliza kama anaweza kujaribu miwani kesho. Nikakohoa. Akasema hiyo ni ndiyo.

Jumapili, 12 Aprili

Shosho ametoa amri: kiti chake kisitoke nje tena. Nimetii. Miwani inafaa nyumbani kabisa, ni nyumba ndiyo haifai.

Lakini chumba cha shosho hakina kiti hata kimoja! Kitanda tu, kikitoka nafasi ya kucheza ipo. Yeye amebaki kanisani kwenye mkutano wa akina mama, Gacheri yuko njiani. Nimeshakitoa, pamoja na godoro na lile blanketi lake la zambarau, nikakiweka karibu na njia. Kitanda si kiti. Nani atafikiria vibaya?

Nyayo mlangoni. Ni Gacheri! Nimejipanga, leo nitasema hata karibu.

Mbona ni nyingi? Na ni ule wimbo wa jana. Naficha daftari hili chini ya